Baba kastaafu, kageuka seremala wa nyumbani. Laki moja na nusu inunue zana gani? (Moshi/Arusha)

BintiKibosho | Novemba 16

Wakuu habari za jioni.

Mzee wangu kastaafu ualimu mwaka jana. Miezi mitatu ya mwanzo alikuwa anazunguka kihambani (shamba la nyumbani) kuhesabu migomba, anaingia jikoni kufunua sufuria, mpaka mama akaanza kutupigia simu kwamba nyumba imepata mkaguzi. Sasa kajipatia shughuli. Banda la ng'ombe la zamani kaligeuza karakana, anashinda humo akiranda na kugonga. Mpaka leo katoa stuli mbili (moja inacheza), mbuzi ya kukunia nazi, na rafu ya vitabu ambayo mama kaweka vyombo. Hauzi wala hana mpango wa kuuza. Anajifurahisha tu, na tukimsikia anaimba huko bandani tunashukuru Mungu.

Desemba tunapanda wote nyumbani. Watoto watatu tuliopo nchini tumechanga 150,000 tumnunulie zana. Kaka yetu mkubwa yuko Marekani, yeye kasema atakuja na msumeno wa umeme, ule wa duara. Juzi nimeingia duka la zana mjini, muuzaji kanitolea boksi la plastiki lenye vipande 108: bisibisi, koleo, spana, nyundo, patasi tatu, kimsumeno, vyote 95,000. Linapendeza ukilifungua. Nilishatoa simu nilipe, roho ikasita.

Mimi mhasibu, patasi na tindo kwangu ni ndugu wa tumbo moja. Naombeni muongozo. Nawasilisha.

---

Mke wa Fundi wa Jumamosi

Naweka kambi hapa. Wangu ana ugonjwa huohuo, na siku yake ya kuzaliwa ni Januari.

---

RandaKavu (Sakina, Arusha)

Roho yako ina akili kuliko muuzaji. Wewe si mhasibu? Gawa 95,000 kwa 108, kila kipande hakifiki hata 900. Niambie patasi ya shilingi 900 ina chuma gani ndani. Unainoa asubuhi, ukiigonga mara kumi kwenye mninga ncha imejikunja kama bati. Na hizo spana za nini, mzee anafungua gari? Maboksi ya hivyo yametengenezwa yamfurahishe anayenunua zawadi. Anayepokea atatumia vitu vinne, mia na nne zitakaa bandani zikipata kutu.

Usinunue kitu bado. Nenda bandani yeye akiwa hayupo, uangalie: anashikiza mbao kwa nini, anapima kwa nini, ananolea nini. Usimuulize mwenyewe. Wazee wale ukiwauliza wanajibu "mimi nina kila kitu mwanangu". Kisha rudi hapa useme ulichokiona.

---

FundiPasua

Miaka 19 natengeneza milango na makabati. Mnataka kumchosha mzee wa watu bure. Mnunulieni drili na jisoo (msumeno mdogo wa umeme wa kukatia mikunjo), kwisha. Randa ya mkono karakana kwangu ipo, imekalia makaratasi ya oda yasipeperuke.

---

RandaKavu

@FundiPasua wewe unakimbizana na mteja wa mlango. Mzee anakimbizana na nani? Huko kuranda ndiko alikokufuata. Mpe mashine imalize kazi ya siku tatu kwa nusu saa, saa zinazobaki atarudi jikoni kufunua sufuria.

---

FundiPasua

Hapo kwenye sufuria umenishinda 😂 Ila drili siiondoi. Ukitoboa kwa keekee na miaka 60, usiku bega linakuuliza.

---

BintiKibosho | Novemba 22

Nimerudi. Mzee alikuwa kanisani kwenye kikao cha ujenzi, nikaingia na simu kama mpelelezi.

Meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Mbao anaishikiza kwa goti, nadhani, maana sijaona kitu kingine cha kubania. Kuna kiungo alikitia gundi, kakifunga kwa mpira wa baiskeli uliokatwa kama wa manati. Ana futi kamba moja, ule ulimi wa chuma wa mbele umelegea unacheza, kwa hiyo futi mpya naiweka kwenye orodha. Skwea yake (kipimo cha pembe mraba) ni ile pembetatu kubwa ya mbao ya kuchorea ubaoni, na mhuri wa shule bado upo 🙈 Misumeno minne. Sikujua mtu mmoja anahitaji misumeno minne.

Patasi tano za kizamani, mipini ya mti wa mpera kachonga mwenyewe. Nimezigusa. Kisu cha mama cha kumenyea ndizi ni hatari zaidi. Kwenye ngazi ya saruji pale mlangoni pamechimbika mifereji, nafikiri ndipo anaponolea. Halafu kuna randa moja ya chuma, nzito, ina kutu, imeandikwa Record na Made in England.

---

ChaliiWaNjiro

Record ya Uingereza ina kutu na patasi zinanolewa kwenye ngazi 😭 Dada, zile ni za Sheffield, mji wa chuma. Huyo hahitaji randa mpya hata kidogo. Mkague tu uso wa chini, hasa pembeni ya mdomo ambapo kisu kinatokea. Ni chuma cha kalibu, kikidondoka kwenye sakafu kinapasuka. Kama hakuna ufa, kutu ni kazi ya jioni moja na msasa na mafuta.

Ila nimeshtuka uliposema ulimi wa futi umeharibika. Haujaharibika! Umeachwa ucheze makusudi, kwa kiasi kilekile cha unene wake. Ukipima kitu kwa nje unaunasa ukingoni, unavutika. Ukipima ndani ya droo unausukuma ukutani, unaingia. Hivyo kipimo kinabaki kweli pande zote mbili. Mimi sikulijua hilo, nikaugonga kwa nyundo ukakaza, nikajisifu. Nikatengeneza kabati la jikoni, kila rafu ikapungua milimita moja. Mke wangu hajui mpaka leo kwa nini lile kabati lina mistari ya gundi na unga wa mbao kila kona.

---

MzeeKinoo

Binti, nilikuwa nasoma kimya, lakini hiyo ngazi ya saruji imenitoa kitandani.

Zana baba yako anazo. Asichokuwa nacho ni makali, na duka lile lingekuuzia butu nyingine mpya. Hata stuli inayocheza naishuku patasi. Ukichimba tundu la kiungo kwa patasi butu, nyuzi za mti zinapondeka, hazikatwi. Tundu linapanuka mdomoni, ulimi (ncha ya mbao inayoingia tunduni) unaingia umelegea, na gundi haijazi pengo.

Kizuri kuliko vyote ni jiwe la kunolea lenye pande mbili, namba 1000 upande mmoja na 6000, ulio laini zaidi, mwingine. Ni la maji, unalilowesha kwanza, mafuta usilitie. Maduka yetu mengi hayana. Huyo kaka wa Marekani angeacha habari za msumeno akaja na jiwe hilo, linaingia kwenye soksi.

Ukilikosa, nenda kwa wakata vioo uchukue kipande cha milimita 6 au 8, ukubwa wa daftari, wakusugulie kingo zisimkate mzee. Kisha nunua msasa wa maji, ule mweusi wa wapiga rangi magari, namba 320, 600, 1000 na 2000. Unaloweka, unaulaza kwenye kioo, unashika wenyewe. Kioo ni bapa, na ubapa ndio unaoutafuta. Ngazi ya saruji ina mabonde, kwa hiyo na patasi zake sasa zina mabonde.

Aanze na mgongo wa patasi, sentimita mbili za mbele, mpaka zing'ae. Wengi wanaruka hapa. Makali ni mahali pande mbili zinapokutana, upande mmoja ukiwa na vishimo vya kutu utanoa mpaka Pasaka. Halafu ageukie upande wa mteremko kwa nyuzi 25, na mwishoni ainue kidogo, kama 30, avute mara chache tu. Atasikia kwa kidole gumba utepe mwembamba umejikunja nyuma. Akiusikia, ajue amefika. Ageuze, alaze mgongo kwenye msasa laini, autoe. Amalizie kwenye ngozi, hata mkanda wa zamani uliogundishwa kwenye ubao.

Vijana hupima makali kwa kunyoa malaika ya mkono. Mimi nachukua kipande cha paina nakikata kichwani, pale zinapoonekana pete. Paina ni laini, na kwa sababu hiyo haidanganyi. Patasi butu inaiponda, panabaki weupe uliochakaa. Patasi kali inaacha uso unang'aa kama umepakwa nta.

Kuna na kishikio chenye kigurudumu, kinabana patasi isibadili pembe. Mafundi watakucheka. Mnunulie tu.

---

BintiKibosho

Shikamoo mzee. Nimenakili yote. Samahani kwa swali la kitoto, mgongo wa patasi ndio upi?

---

MzeeKinoo

Marahaba. Upande ulionyooka, usio na mteremko.

---

Umeme230

Mmempita huyo kaka kama hamjamwona. Mwambieni ASINUNUE. Umeme wa kule ni volti 120, hezi 60. Wetu ni volti 230, hezi 50. Msumeno wa 120 ukiuchomeka Kibosho utanguruma sekunde chache kwa nguvu ambazo haujawahi kuwa nazo, kisha moshi. Hezi si shida kwa mota ya brashi, kinachoua ni volti. Transfoma ya kushushia zipo, lakini msumeno wa ampea 15 unakula wati 1,800, kwa hiyo tafuta ya wati 3,000 ili ipumue. Hiyo haibebwi kwa mkono mmoja.

Akitaka kuja na drili ya betri, mashine yenyewe haina neno. Asome chaja. Ikiandikwa 100-240V ni salama, ikiandikwa 120V tu aiache dukani. Na ndege nayo ina sheria zake. Zidisha volti kwa Ah (ampea-saa, imeandikwa kwenye betri), unapata Wh (wati-saa). Betri ya volti 18 na Ah 5 ni Wh 90, iko chini ya 100, anapanda nayo kwenye begi la mkononi. Betri ya akiba haiwekwi kwenye mizigo ya tumboni mwa ndege. Ya Ah 6 inafika Wh 108, hapo aombe ruhusa ya shirika kwanza. Ikivuka 160 haipandi ndege ya abiria.

---

Mangi wa Himo

Kaka asome hapa kabla hajapanda ndege. Asiposoma tutamsoma sisi kwenye uzi mwingine.

---

MbaoKwanza

Nilisoma Chuo cha Viwanda vya Misitu hapahapa Moshi, mnivumilie. Mmejaza visu mezani, nyama hamjaiulizia.

Anayejifunza wengi humpa paina mbichi. Jana ilikuwa mti West Kilimanjaro, leo ni stuli, baada ya miezi miwili imejikunja kama ganda la ndizi. Mzee Kinoo nisamehe, mimi nashuku mbao kabla ya patasi. Kwa kukausha kwa hewa, mafundi huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, mbao zimepangwa kivulini na vijiti katikati ili upepo upite. Mstaafu hana haraka, ila hawezi kukaa mwaka anatazama lundo. Mpeni mbao chache zilizokwisha kauka, huku zake zikiendelea.

Kwa mkono wa kujifunza nampenda mringaringa. Una rangi nzuri ya kahawia, hauna ukaidi, na wazee wetu walichongea mizinga ya nyuki. Mgrevilea nao upo karibu kila kihamba, una madoa mazuri ukiuranda. Mpingo msimletee bado. Mti unaozama majini utamaliza patasi na hamu yake kwa siku moja. Na mkinunua mbao za kujaza gari, daini risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, njiani wataiuliza.

---

FundiPasua

Mabaki ya mninga mkavu ninayo gunia zima, vipande vya futi moja na nusu mpaka mbili. Huwa tunawapa mama lishe wanachomea. Njoo Pasua uchukue bure, mzee asinunue. Ila kitakachotoka humo nataka picha.

---

BintiKibosho

Fundi, Mungu akubariki. Na nilikuona kama adui wa mzee wangu!

---

Mke wa Fundi wa Jumamosi

Mninga wa bure sawa, lakini nani atanunua barakoa? Wangu alikuwa akipiga msasa mninga na mvule jioni, usiku anakohoa mpaka mbwa wanaitikia. Macho mekundu, ngozi ya mikono inawasha. Nikasoma. IARC, lile shirika la utafiti wa saratani la WHO, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995. Tafuteni zilizoandikwa FFP2 au N95. Za vitambaa za enzi za korona vumbi laini linapita. Akikataa kuvaa, mpe mama yako amkabidhi yeye. Kwetu ndivyo ilivyofanya kazi.

---

RandaKavu

Nimalizie tatu, nilale.

Skwea. Nunua ya chuma na uipime palepale kaunta, muuzaji akinuna mwache. Omba kipande cha ubao chenye ukingo ulionyooka. Bana skwea ukingoni, chora mstari. Igeuze upande wa pili, chora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, lipa. Ikiachana, pengo unaloliona ni makosa mara mbili, rudisha.

Klampu. Hapa ndipo pesa yenu iende. Anayebania kwa goti hawezi kukata kwa usalama, maana mkono mmoja daima uko mbele ya patasi. Nne za umbo la F, za sentimita 60. Gundi nyeupe inataka kubanwa kama nusu saa, na kuachwa mpaka kesho yake kabla ya kukaliwa. Lakini mipira ya baiskeli asiitupe. Kwenye kitu cha mviringo hakuna klampu inayoikuta.

Misumeno minne inatosha? Angalia ncha za meno. Zikiwa nyeusi au za bluu, msumeno huo umekazwa kwa moto, tupa (chuma cha kunolea meno) inateleza tu, ukichoka unatupwa. Ambao meno yake ni rangi moja na bapa lake unanoleka, usikubali autupe.

---

BintiKibosho | Desemba 14

Wakuu, hesabu imefungwa:

Kioo na misasa 14,000
Kishikio chenye kigurudumu 15,000
Skwea ya chuma 18,000 (nilipima kaunta, ya kwanza ikafeli, muuzaji akanuna kweli)
Klampu nne 64,000
Barakoa 20,000
Gundi 12,000
Bodaboda ya gunia la mninga, Pasua mpaka Kibosho, 7,000

Drili tumeahirisha mpaka Pasaka. Kaka nimemtumia uzi huu wote. Kajibu kwa kidole gumba. Mnajua maana yake.

---

BintiKibosho | Desemba 28

MREJESHO.

Kaka kaja na msumeno. 120V, imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Mzee kavaa miwani, kasoma maandishi yote mpaka ya chini ya boksi, kasema "asante sana mwanangu", kauweka juu ya kabati la sebuleni karibu na picha ya harusi yao. Kila mgeni wa Krismasi kaonyeshwa.

Klampu kazibana zote nne kwenye ile meza ya mlango, hazibani kitu, anazitazama tu. Barakoa kavalishwa na mama mbele ya watu, hakuwa na pa kukimbilia. Siku ya pili ya Krismasi watu wako kwenye ndafu, yeye yuko bandani na kioo. Patasi zote tano. Akamaliza akavitaka visu vya jikoni, jirani akasikia akaleta panga, jioni kulikuwa na foleni.

Kishikio chenye kigurudumu hajakifungua. Kasema kafundisha hesabu miaka 35, nyuzi 25 anaziona kwa macho. Skwea mpya kaipima kwa mtindo wa RandaKavu, ikatoka safi. Kisha kaenda kuchukua ile ya ubaoni, kaipima vilevile, nayo ikatoka safi! Kanitazama tu. 18,000 zangu.

Stuli inayocheza kakataa kuitengeneza. Kasema inafaa kwa wageni wanaokaa sana.

---

FundiPasua

Nyuzi 25 kwa macho 😂 Mwalimu ni mwalimu. Picha ya mninga naisubiri.

---

MzeeKinoo

Msalimie. Mwambie na kisu cha randa kinanolewa hivyohivyo.

---

Umeme230

Huo msumeno unauzwa? Nina transfoma ya wati 3,000 imekaa tu hapa Majengo.

---

BintiKibosho

Nimemuuliza. Kasema hauuzwi, na kanituma nikuulize hiyo transfoma unaiuza bei gani.